Mtetemo wa Bonde la Mpunga

Vijana mnaoanza kazi hii, kabla hamjanisikiliza sana, jueni mnazungumza na mtu mwenye shaka. Nikiletewa chai nanusa kwanza. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Mke wangu anasema nilizaliwa hivi, lakini anakosea. Nilifundishwa, tena kwa mshahara. Nimekuwa fundi wa vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi kwa miaka mingi, na kazi ile haimfai mtu mwepesi wa kuamini. Sindano ikitikisika kwenye karatasi, huwezi kukurupuka useme tetemeko. Je, limepita lori? Kuna ng'ombe anayejikuna kwenye uzio? Au mlinzi amejikwaa kwenye waya akaona haya kusema?

Aliyenifundisha alikuwa fundi mkongwe, Gidioni, kule kwetu Mbeya, kwenye milima iliyowahi kutema moto. Alikuwa mwembamba, mkali, na penseli haikuondoka sikioni mwake. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuruka. Msicheke. Ukishachimba shimo na kuzika kipokezi, yaani kile chombo kinachohisi mtetemo na kuupeleka kwa waya kwenye mashine yenye karatasi, unatembea hatua kumi, unaruka mara tatu, unarudi kutazama kama sindano imekusikia. Halafu hatua ishirini, unaruka tena. Unaendelea hadi ujue miguu yako inakoma kusikika wapi. Wanakijiji walitoka majumbani kuja kutazama wanaume wawili wazima wakirukaruka migombani, na mama mmoja aliuliza kama tumeumwa na siafu.

Gidioni pia ndiye aliyenionyesha mtetemo wa maji ya moto. Tetemeko la kawaida ni pigo: linaanza kwa nguvu, linafifia, limekwisha. Lakini mvuke au maji ya moto yakisukumana kwenye nyufa za chini, sindano hutetemeka mfululizo, kidogo kidogo, saa nzima, kama mgonjwa wa homa.

"Ukiona hivi karibu na watu, usikae kimya," aliniambia. "Lakini kwanza jiulize nani mwingine anayeweza kutetemeka hapo."

Neno la kwanza lilinikaa kichwani. La pili nililisikia, nikaitika, nikaendelea na mambo yangu.

Sasa twende Rufiji. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imefurika barabarani pale Bungu, kila kibanda kina redio ya kaseti inayoshindana na ya jirani. Magari mageni yalikuwa yanapita kila mara, na kila gari lilikuwa na uvumi wake. Mtu akipima barabara, watu wanasema bonde limeuzwa. Akipiga picha, wanasema delta yote imeuzwa, na waliomo ndani yake pia. Katika hali hiyo ndimo nilimoingia mimi, Mkristo wa bara, na mashine ndani ya sanduku la chuma, nikisema nimekuja kusikiliza ardhi. Ningekuwa wao ningenishuku pia.

Mradi wetu ulikuwa wa kutafuta joto la chini karibu na chemchemi za maji moto, kuona kama siku moja linaweza kuzalisha umeme. Matetemeko madogo madogo, yale ambayo hata kuku hayahisi, yakipita kwenye mwamba mzima hukimbia. Yakipita kwenye mwamba uliopasuka wenye maji ya moto hupunguza mwendo. Ukiwa na vituo kadhaa na subira ya kutosha, unaweza kuchora ramani ya chini bila kuchimba hata kisima.

Kituo changu cha kwanza nilikiweka Maparoni, ndani kabisa ya delta, na hapo nilijiaibisha upesi. Nilimwandikia mkuu wa mradi, aliyekaa Dar es Salaam, kwamba nimegundua mtetemo unaokuja mara mbili kwa siku na kuchelewa kidogo kila siku. Mvuvi mmoja aliyekuwa akinitazama nikichora akauliza kwa upole, "Fundi, hayo si maji kujaa na kupwa?" Nilimnunia siku mbili. Nilishuku kwamba amenisubiri nimalize kuandika barua ndipo aseme.

Kutoka hapo nikahamia bonde moja upande wa Mahege, lenye chemchemi ya maji moto pembeni. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Bonde lilikuwa tupu, mabua makavu tu, kimya mpaka ukasikia masikio yako mwenyewe. Nikaajiri mlinzi wa kituo, Shaweji, mkulima wa rika langu, mtu wa maneno machache na kofia safi. Kazi yake ilikuwa kulinda, kubadilisha karatasi kila asubuhi na kuandika saa. Mimi nilikuwa nakaa Kibiti na kuja kila Alhamisi kuchukua karatasi za wiki.

Siku ya kuchagua mahali pa kuchimba, Shaweji alisimama pembeni, kisha akasema, "Bwana Fundi, hapa bondeni si pazuri. Kiweke kule juu kwenye mchanga."

Nikatazama kule juu. Nikaona nyumba yake iko huko huko, hatua chache tu. Moyoni nikasema, ahaa, bwana anataka kulinda akiwa kitandani.

"Kwa nini si pazuri?" nikamuuliza.

"Kilimo kikiingia, huku pana watu."

"Watu watakaa mbali na uzio. Tutawaambia."

Hakubishana. Nikachimba pale bondeni, karibu na chemchemi. Nikaruka kama nilivyofundishwa, na miguu yangu ilisikika hadi zaidi ya hatua mia moja, maana udongo ule ni laini. Nikaandika kwenye daftari, nikafunga daftari.

Sasa lazima niwaeleze ninyi wa mjini jinsi watu wa kule wanavyolima mpunga. Hawalimi na kurudi nyumbani jioni. Mvua zikianza wanahamia bondeni na sufuria na mikeka, na kila familia inajenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu zilizochimbiwa chini, kirefu kuliko watu wawili. Humo wanalala, wanapika, na humo wanakaa kuamia ndege. Kutoka kwenye dungu wanatandaza kamba hadi kila kona ya shamba, wamefunga makopo na vipande vya bati. Ndege wakitua, aliye juu anavuta kamba kwa nguvu zake zote, anapiga kelele, anakanyaga sakafu. Inaanza alfajiri, inaendelea mpaka jua linazama. Dungu la Shaweji na mkewe Mwajuma lilikuwa la karibu kuliko yote, hatua sabini kutoka kwenye kipokezi changu.

Niliyaona madungu hayo kila Alhamisi. Niliyapita na gari. Mwajuma alinipungia mkono kutoka juu, na mara nyingine alinitupia hindi la kuchoma. Niliwaeleza watu wote wasikaribie uzio, na wakatii, na mimi nikaridhika kwamba kituo changu hakina bughudha.

Wiki hadi wiki karatasi zikaanza kubadilika. Mtetemo mwembamba, wa mfululizo, ukiongezeka mvua zilivyoongezeka. Mpunga ulipoanza kutoa masuke ukawa mkubwa zaidi, unakoma jioni na kuanza alfajiri. Nilishuku kila kitu, nawaambia kweli. Nilibadilisha betri. Niliukagua waya mzima kwa vidole. Nilishuku upepo, nikashuku panya, nikamshuku fundi wa Dar aliyeitengeneza mashine mwaka uliotangulia. Kwamba unakoma jioni, hilo nalo nilikuwa na jibu lake: joto la mchana na maji ya mvua yanayoshuka chini. Mtu akitaka sana kuwa na jibu, hakosi.

Halafu ikaja karatasi moja iliyonichanganya. Asubuhi nzima ya Jumatatu mistari imenyooka, na kuanzia saa saba mtetemo umerudi. Nikamwita Shaweji.

"Jumatatu uliizima mashine."

"Sikuizima, Bwana Fundi."

"Karatasi hii hapa. Asubuhi yote kimya."

Akaitazama karatasi, akafikiri. "Jumatatu tulikwenda kuzika. Alifiwa mzee wa ng'ambo ile, bonde zima tulikwenda. Ndege walikula, lakini tungefanyaje."

"Kwa hiyo uliondoka ukazima."

"Nimeondoka, ndiyo. Kuzima sikuzima."

"Na alama za saa ulizijaza uliporudi."

Akasema, "Basi, Bwana," akaenda zake kwenye shamba la mkewe. Nikaandika kwenye daftari kwamba mlinzi si mwaminifu. Vijana, mtu alikuwa ameniletea jibu mkononi, jibu zima limeiva, na mimi nikalifanya ushahidi wa wizi wa muda.

Wiki iliyofuata nikamwandikia mkuu wa mradi. Sikuandika "huenda." Niliandika kwamba kuna dalili za maji ya moto kusogea chini ya bonde, na nikapendekeza wakulima walio karibu na chemchemi waondoke kwa wiki mbili hadi tuone. Barua zangu za kuomba betri zilikuwa zinachukua miezi. Hiyo ilijibiwa kwa siku nne. Amri ikashuka, ikasomwa kijijini: watu watoke bondeni, wapande juu, wasubiri.

Mpunga wakati huo ulikuwa na punje laini, ukiibonyeza inatoa maziwa. Hicho ndicho chakula cha ndege. Kwelea wakikuta shamba lisilo na mtu, siku tano zinatosha. Na shamba likiliwa, mwaka mzima wa familia umeliwa. Nilijua hayo yote. Nilijisemea kwamba afadhali njaa kuliko maji ya moto.

Kwenye mkutano watu walininyooshea vidole. Mmoja akasema, "Sasa tumejua mlichokuja kufanya. Mnatutoa leo wiki mbili, kesho anakuja mwekezaji anakuta bonde halina mwenyewe." Wengine wakaitikia. Bi Tatu, mwanamke mtu mzima aliyeachika mara mbili na kujivunia zote, hakusimama hata kusema; alikaa akitafuna miwa.

"Weye fundi," akasema hatimaye, "hiyo mashine yako imeona maji ya moto. Mie nimeyaona tangu sijavunja ungo, yako palepale. Sitoki."

Robo tatu ya watu wakasema kama yeye, baadhi kwa sauti, baadhi kwa kunyamaza. Aliyesimama upande wangu alikuwa Shaweji. Alisema karatasi anaibadilisha yeye kila asubuhi, ameuona mtetemo kwa macho yake, hajui unatoka wapi lakini upo. Jioni ile ile yeye na Mwajuma wakashusha sufuria na mikeka. Walikuwa wa kwanza kutoka.

Na mimi nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona joto usoni. Nilimwambia Shaweji kwamba bondeni ni hatari, asikae, ila aje kila asubuhi kubadilisha karatasi.

Akauliza, "Nikija, naweza kuamia ndege kidogo, saa moja tu?"

Nikashuku. Nikadhani anataka kisingizio cha kurudi shambani, wengine wamwone warudi. "Badilisha karatasi, panda juu," nikamwambia. Akafanya hivyo hivyo. Alishuka kila asubuhi, akapita katikati ya mpunga wake wenye ndege tele, akabadilisha karatasi, akaandika saa, akapanda.

Nilihamia pale juu kwenye mchanga ili niwe karibu. Siku ya pili mtetemo ukapungua sana. Nikafurahi, ardhi inatulia. Siku ya tatu, familia kama sita nyingine zikawa zimetoka kwa hofu, na ukapungua tena. Siku ya nne, asubuhi ya saa tatu hivi, nilishuka mwenyewe nikaketi mbele ya mashine kuiangalia sindano kwa macho badala ya kusubiri karatasi.

Ilikuwa imetulia. Mara ikatikisika kidogo. Wakati huo huo, mbali, nikasikia makopo ya Bi Tatu yakilia na yeye mwenyewe akiwatukana ndege. Akanyamaza. Sindano ikanyamaza. Makopo yakalia tena, sindano ikatikisika tena.

Nilihesabu mara saba. Ya nane nikashindwa kuhesabu. Nilinyanyuka nikakimbia kwenye matope hadi dungu la Bi Tatu, nikafika nimepoteza kiatu kimoja.

Alinichungulia kutoka juu. "Umekuja kunitoa?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba uvute kamba."

"Nivute kamba?"

"Vuta mara kumi, kwa nguvu. Halafu usiguse kitu. Nikipunga shati, vuta tena."

"Na ndege wakija nisipogusa?"

"Nitawakimbiza mimi."

Akacheka hadi akashika nguzo, na nguzo ikayumba, na mimi nikaitazama nguzo ile inavyoingia ardhini kama sijawahi kuona nguzo. Nikamwita Shaweji akae kwenye mashine aweke alama kila sindano inapotikisika. Bi Tatu akavuta. Akaacha. Nikapunga shati, akavuta. Kati ya mvuto na mvuto nilikuwa shambani mwake kifua wazi, nakimbiza kwelea kwa kupiga makofi, na watu waliobaki kwenye madungu yao wakiwa wamesimama kutazama. Tulipolinganisha, kila mvuto ulikuwa na alama yake. Kumi na kumi, hakuna hata mmoja uliokosa.

Shaweji alishika karatasi akasema taratibu, "Kumbe ni sie."

Hakusema nilikwambia. Ningefurahi angesema.

Siku hiyo hiyo nikaenda Kibiti, nikasubiri zamu kwenye redio ya upepo, nikamwambia mkuu wa mradi mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yangu kwamba nimekosea, kwamba mtetemo niliouripoti ni wa wakulima wakiamia ndege. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Amri ikaondolewa kesho yake, na habari ikachukua siku moja nyingine kufika kijijini; hadi hapo waliotoka hawakuruhusiwa kurudi.

Kazi sikufukuzwa. Kituo nilikihamishia kule juu kwenye mchanga, na kwa karatasi za huko baadaye tulichora nyufa zinazopandisha maji ya ile chemchemi, mchoro mzuri, bado nauonea fahari. Tangu hapo sijachimba shimo bila kuwauliza watu wa mahali hapo watakuwa wapi mwezi ujao na ule unaofuata, na nini watakuwa wakifanya. Ninyi mna kompyuta inayochuja kelele yenyewe. Sawa. Iulizeni inachuja nini, na kelele hiyo ni ya nani.

Lakini kabla sijahamisha kituo nilirudi bondeni, siku ya saba tangu watu watoke. Bi Tatu alikuwa juu ya dungu lake, mpunga wake umeinamisha vichwa. Waliogoma kutoka wote walikuwa hivyo. Shamba la Shaweji lilikuwa limesimama wima, masuke mepesi yanapeperuka. Mwajuma alikuwa katikati yake. Alivuta suke moja, akalisugua kwenye kiganja, akapuliza. Hakikubaki kitu. Akavuta jingine.

Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe."

Akaendelea kusugua. "Mie nilitaka kubaki na Bi Tatu," akasema. "Nilimwambia mume wangu. Akanijibu, fundi hana mtu mwingine hapa. Tukikaa sie wa kwake, nani atamwamini?"

Shaweji alikuwa kwenye mashine. Saa yake ya kubadilisha karatasi ilikuwa imefika, na aliibadilisha, akaandika saa, akaniletea ile ya siku iliyopita. Niliikunjua palepale. Madungu ya mbali yalionekana kwa mikwaruzo midogo tu. Hatua sabini kutoka kwenye kipokezi hakukuwa tena na aliyevuta kamba, maana hakukuwa na cha kulinda, na ukiacha mikwaruzo ile mistari ilikuwa imenyooka asubuhi hadi jioni.